Gobore la Urbani

Mwaka ule soko huria lilikuwa limekwisha kupanda milima ya Umatengo. Wanunuzi binafsi wa kahawa walifika kijiji cha Mbuji na mizani zao, wakaondoka. Chama cha ushirika, kilichozoea kuwakopesha wakulima mbolea, kilibakia kuwa ghala lenye kufuli. Mahindi yalizaa haba, na hayo haba yaligombewa na nguruwe pori. Kila asubuhi Urbani na mkewe Walburga walikuta sehemu nyingine ya shamba imelazwa chini kama mkeka.

Urbani alirithi gobore la marehemu baba yake. Kibali kilikuwa cha mzee, na mzee alikuwa kaburini. Kifyatulio nacho kilikuwa kimevunjika. Walburga alimshauri alipeleke kituo cha polisi Mbinga, aombe kibali na aelekezwe fundi anayeruhusiwa.

"Watanizungusha mpaka mahindi yaishe," Urbani alijibu.

Akalipeleka kwa mdogo wake Hyasinti, fundi wa mashine za kumenyea kahawa. Hyasinti hakuwahi kutengeneza bunduki, ila alikuwa na tupa na sifa ya kutoshindwa. Akachonga kifyatulio kutoka katika chuma chakavu. Walipolijaribu bila baruti, nyundo ya gobore ilianguka yenyewe mara mbili.

"Kaka, kinateleza hiki. Niachie nikirudie."

"Utakirudia baada ya mavuno."

Hyasinti alikuwa ameinamia mashine za watu tangu alfajiri, mgongo ukimuuma. Hakubishana. Akamwachia kaka yake aondoke nalo.

Jumamosi iliyofuata, Urbani alitoka kuwavizia nguruwe na gobore lililokwisha kushindiliwa baruti, akawa akivuka ngoro, yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo huchimba mteremkoni kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mguu ukateleza tutani, kitako cha gobore kikagonga ardhi. Hakuna kidole kilichogusa kifyatulio. Gobore likalia, na goroli ikazama katika paja lake.

Walburga, aliyekuwa akipalilia karibu, alimfunga jeraha kwa kanga yake. Alipotaka kuita watu walete machela, Urbani alimshika mkono.

"Hospitali watataka hati ya polisi. Polisi watauliza gobore. Mimi nitafungwa kwa kuwa nalo, Hyasinti kwa kulichonga. Nani atalea watoto?"

"Na ukifa, nani atawalea?"

"Mtu hafi kwa paja."

Wakakubaliana kusema kwamba ameangukia shoka. Kwa siku tatu Walburga aliosha jeraha kwa maji ya chumvi, akatwanga majani, akapokea majirani. Kila aliyeuliza alijibiwa neno moja, shoka, hata likawa halina ladha kinywani mwake.

Jumanne alikuja Mama Getrude, muuguzi mstaafu wa zahanati ya kijiji.

"Shikamoo, mama," Walburga alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Alifunua jeraha, akaliinamia. "Hili ni la shoka?"

Walburga alimtazama mumewe. Urbani alifumba macho.

"Ni shoka, mama."

"Shoka haliunguzi nyama. Mpelekeni Mbinga leo. Maswali mtayajibu akiwa hai."

Alipoondoka, Hyasinti alimsihi kaka yake wakaseme kweli, yeye yuko tayari kufungwa. Urbani akaomba siku moja tu. Wakampa. Siku moja ikazaa ya pili.

Alhamisi homa ilikuwa imempanda kichwani, akimwita baba yake kana kwamba yuko mlangoni. Hyasinti na wanaume watatu wakambeba kwa machela hadi barabarani, wakapata lori la kahawa. Hospitalini Walburga alieleza yote kwa sauti ya chini, bila kusubiri kuulizwa. Daktari alikuwa tayari ameanza kukata bandeji.

"Polisi nitawaita," alisema, "lakini mgonjwa hasubiri karatasi. Mngekuja Jumamosi ningewaambia hivihivi."

Walburga alikaa kwenye benchi kama gunia lililotuliwa. Ijumaa mchana Urbani alifariki.

Msibani kilio kiliita kijiji kizima, na pamoja na kijiji wakaja askari wawili. Hyasinti aliwatolea gobore mbele ya waombolezaji. "Kifyatulio ni kazi yangu," alisema. "Niliona kinateleza." Miezi michache baadaye alihukumiwa kifungo, hukumu ambayo kaka yake alikufa akiikwepa.

Mahakamani hakimu alimwuliza Walburga kwa nini alidanganya siku zote zile.

"Nilichoka kubishana na mtu niliyempenda, mheshimiwa," alijibu. "Kila siku nilijiambia kesho nitasema."

Alirejea Mbuji peke yake akavuna alichoachiwa na nguruwe. Siku hizi watu wa huko wakimwona mtu anafunika kidonda kwa kuogopa maswali, humwambia bila kupaza sauti: mficha maradhi, kilio humuumbua.