Gitaa la Kila Shughuli

Mnausikia huo mvumo? Mmm... Unatoka kwenye spika ya huku kushoto. Kabla sijapanda hapa, mzee wetu wa zamu amenifuata akaniuliza, "Mchungaji, hiyo spika inavuma, nimwambie fundi aizime?" Nikamjibu, "Iache ivume, leo ninaihitaji." Akanitazama kama mtu anayejiuliza nimekunywa chai gani asubuhi. Mzee wangu, nivumilie kidogo.

Alikuwako mpiga gitaa mmoja. Na wewe mpiga gitaa wetu wa kwaya, usianze kuinamisha kichwa, si wewe ninayemsema. Huyu alikuwa wa mji mwingine, na alikuwa hodari kweli. Ijumaa anapiga dansi hotelini, Jumamosi yuko harusini, Jumapili yuko kanisani, na katikati ya wiki ukitokea msiba wanamwita akapige nyimbo za maombolezo. Mtu yuleyule, vidole vilevile. Shida yake ilikuwa chombo. Gitaa lake la zamani lilijua jambo moja tu, kulia kwa ukali. Harusini lilipendeza. Kanisani, likiingia kwenye wimbo wa toba, waumini walitamani kukatika viuno. Mnacheka? Wachungaji wenzangu hawacheki, wanajua ninachosema.

Basi akaamua kutafuta gitaa la kila shughuli, pamoja na amplifaya yake, ile spika yenye mashine ndani inayokuza sauti ya gitaa la umeme. Akazunguka maduka ya mjini mpaka wauzaji wakamzoea. Anashika hili, anapiga kidogo, anatikisa kichwa, anarudisha. Hili shingo yake nene, vidole havizunguki. Lile tamu kwenye rumba, lakini ukilitaka libembeleze linakoroma. Amplifaya hii ina nguvu ila haipakiziki kwenye pikipiki. Ile nyepesi, lakini ngoma zikianza tu imemezwa.

Muuzaji mmoja uvumilivu ukamwishia. "Kaka, wewe unatafuta gitaa au unatafuta mchumba?"

"Mchumba nitamsamehe kasoro zake," akajibu. "Hili ndilo linaloniweka mjini."

Kila duka alilokwenda, alikwenda na mdogo wake wa kike. Huyo binti ndiye aliyekuwa mwimbaji wake. Walikuwa wawili tu kwa mama yao, na mama alikuwa mjane. Siku binti alipoanza kufuatana na kaka yake kwenye shughuli, mama alimwita yule kijana pembeni akamwambia, "Mwanangu, huyu ninakukabidhi. Unakokwenda naye, urudi naye." Kijana akasema, "Ndiyo, mama." Alisema kwa moyo wake wote, msidhani alikuwa mtu mbaya.

Hawa ndugu wawili walikuwa na mtindo wao wa kufunga wimbo, na watu waliupenda kuliko wimbo wenyewe. Gitaa linakimbia, linakimbia, binti anacheza akimsogelea kaka yake, halafu ghafla anaweka kiganja chake juu ya nyuzi. Pap! Kimya. Hapo vigelegele vinapasua mahali.

Mwishowe gitaa likapatikana. Lilikuwa na swichi ndogo ubavuni. Ukiisukuma juu, linatoa sauti laini, nzito, ya kuliza wafiwa. Ukiiweka katikati, unapata ibada. Ukiishusha chini, unapata harusi mpaka bibi harusi asahau haya. Na amplifaya nayo ikapatikana, ya kubebeka, yenye kifua. Binti akaweka kiganja kwenye nyuzi palepale dukani, pap, na wateja wakapiga makofi. Walirudi nyumbani wanaimba njia nzima.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Jumapili ya kwanza, kwenye maombi ya kimya, ile amplifaya ikaanza kuvuma. Mmm... Kama hii yetu. Waumini wakageuza shingo. Yule kijana akatamani ardhi immeze. Amehangaika maduka yote hayo, halafu chombo chake kinamwaibisha mbele ya watu! Baada ya ibada mpiga besi akamcheka. "Hilo nalo ni tatizo? Fungua plagi, ukunje ule waya wa kijani. Itanyamaza. Sote tunafanya hivyo."

Mnaujua waya huo? Ndani ya plagi ya meno matatu kuna nyaya tatu. Mbili zinaleta umeme na kuurudisha. Wa tatu, wa kijani, mafundi wanauita waya wa ethi. Huo hauleti chochote. Hauongezi sauti, haupunguzi. Umekaa tu, miaka na miaka, kazi yake ni moja, umeme ukikosea njia ukaingia kwenye bati la mashine, ambalo limeungana mpaka na nyuzi za gitaa, waya huo unaushusha ardhini kabla haujampata mtu.

Kijana akakaa kwenye mkeka na bisibisi. Mdogo wake alikuwa anachambua mchele karibu yake, akauliza, "Kaka, kama hauna kazi, waliotengeneza waliuweka wa nini?"

"Hao ni watu wa Ulaya," akajibu. "Wanaogopa kila kitu."

"Mimi mvumo haunisumbui. Nikianza kuimba, siusikii."

"Wewe husumbuki kwa sababu si wewe unayetazamwa."

Akaukunja ule waya wa kijani, akauzungushia utepe mweusi, akafunga plagi. Akawasha. Kimya! Kimya kitamu kabisa. Jumapili iliyofuata watu wakamsifu, wakasema sasa ndiyo chombo.

Ikapita muda. Siku moja mazoezini akasogeza mdomo kwenye maiki ili aitikie kiitikio, huku mkono uko kwenye nyuzi, akang'atwa. Kitu kikamchoma mdomoni, akaruka nyuma. Wenzake wakacheka. Unafikiri alifanya nini? Alirudi akafungua plagi? Thubutu! Alichukua kipande cha sponji akaivisha ile maiki. Baada ya hapo haikumng'ata tena, naye akasahau.

Ndugu zangu, mtu huyu alionywa kwa sauti, akaikata sauti. Akaonywa kwa maumivu, akayavalisha sponji. Aonywe vipi tena?

Ikaja harusi moja, mchana, uwanjani. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, jua likatoka, watu wakasema ni baraka. Amplifaya ilifika kwa pikipiki, njia yenyewe mashimo matupu, na huko ndani waya mmoja ukalegea ukalalia bati. Nani angejua? Kwa nje iliimba kama kawaida. Kama waya wa kijani ungekuwa mahali pake, ingezima palepale. Fyuzi ingekatika, muziki ungekoma, watu wangenung'unika, mshereheshaji angesema maneno mawili ya kuchekesha. Aibu ya dakika chache, basi.

Kijana alikuwa amevaa mabuti yake ya soli nene ya mpira, hakuhisi kitu. Mdogo wake alikuwa na viatu virefu, visigino vikawa vinazama kwenye tope. Akavivua akavitupa kando, akabaki miguu mitupu juu ya majani mabichi. Watu wakashangilia, wakajua leo kuna kazi. Akaimba. Naambiwa hakuwa amewahi kuimba vile. Gitaa linakimbia, binti anamsogelea kaka yake, maiki mkono mmoja, anacheka. Akaweka kiganja juu ya nyuzi.

Kimya.

Vigelegele vikapasuka. Binti anatetemeka, mkono umeshika nyuzi hauachi, na watu wakadhani ni mtindo mpya. Mama mmoja akainuka na khanga kwenda kumfunga kiunoni, kumtuza. Na kaka yake, ndugu zangu, kaka yake alikuwa anatabasamu. Alikuwa anasubiri mdogo wake ainue mkono, kama siku zote, ili waanze wimbo mwingine.

Alipoanguka ndipo wakajua.

Walimkimbiza hospitali, walifanya kila walichojua kufanya. Hakurudi.

Msibani vyombo vyote vilirundikwa kwenye kona ya ua. Mtu mmoja wa jirani, anayejua umeme, akaichukua ile plagi akaifungua mbele ya watu. Waya wa kijani ulikuwemo, umekunjwa vizuri, umezungushiwa utepe vizuri. Ilikuwa kazi safi. Mama akainuka kwenye mkeka, akaja, akaitazama.

"Huu mbona umekunjwa?" akauliza.

Mpiga besi alikuwa anatazama chini. Mwishowe mwanawe akasema, kwa sauti ambayo haikufika hata mlangoni, "Ulikuwa unaleta kelele, mama."

Mama akatazama nyumba yake. Akatazama mlango wa chumba cha binti, ambako kila asubuhi kulikuwa na mtu anaimba. Akasema, "Haya, mwanangu. Sasa kumetulia."

Akarudi kukaa.

Wapendwa, mimi sina la kuongeza kwa mama yule. Nina la kusema nasi, sisi tuliokaa humu na nguo zetu za Jumapili.

Sisi ni magitaa ya kila shughuli. Tunajua kusukuma swichi. Msibani tunaijua sauti ya msibani. Hapa kanisani, loo, tunalia kwa utamu mpaka malaika washangae. Ofisini tuna sauti nyingine, baa tuna nyingine, na mbele ya wakwe tuna nyingine kabisa. Tumehangaika miaka mingi kuzitafuta sauti hizo na tumezipata. Sizisemi vibaya. Ninauliza jambo moja tu. Kwenye plagi yako, waya wa kijani uko wapi?

Kuna mtu alikuwa anavuma nyumbani kwako. Labda ni mke wako, kila ukirudi anakuambia, "Baba fulani, unavyompiga huyu mtoto utakuja kumuumiza." Ukamwambia anyamaze, akanyamaza. Labda ni binti yako aliyesema, "Mama, mimi nyumbani kwa mjomba sitaki kwenda tena." Ukamwambia asilete maneno kwenye ukoo, na hakuyaleta tena. Labda ni dhamiri yako mwenyewe, ilikuwa inavuma kila ukilala, sasa haivumi, na wewe unaita hali hiyo amani. Umekuja hapa ukatoa ushuhuda kwamba Mungu amekupa amani! Kwamba nyumbani siku hizi kumetulia!

Kumetulia. Ndivyo alivyosema mama yule.

Halafu kuna hili, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Nani alikunja waya? Kaka. Nani aling'atwa akavisha sponji? Kaka. Nani alikufa? Kaka alikuwa na mabuti! Sisi wakubwa tuna mabuti. Tuna umri, tuna vyeo, tuna marafiki wa kutufichia. Makosa yetu yanaweza kupita mikononi mwetu miaka yote na tusihisi hata kuwashwa. Yanamsubiri aliye miguu mitupu, anayetusogelea akicheka kwa sababu anatupenda, anayeweka kiganja chake mahali alipozoea kukiweka.

Baba, tazama hapo ulipokaa. Mama, tazama pembeni yako. Yupo mtoto? Tazama miguu yake.

Sasa mzee wa zamu, ile spika bado inavuma, na hatuizimi. Wimbo wa kufunga ibada tutauimba nayo ikivuma. Baadaye fundi aje, afungue, atafute kilichoharibika, na ninamwomba mbele yenu wote asikunje kitu.

Na wewe, ukifika nyumbani leo, chakula kisubiri. Mtafute yule uliyemnyamazisha. Unamjua, amekujia kichwani tangu nilipotaja waya wa kijani. Kaa naye chini, mwambie, "Lile neno ulilokuwa unaniambia, niambie tena."

Halafu wewe ndiye unyamaze.