Simu ya Chanzoni na Mtamba Mmoja

Tegeni sikio, na mkisikiliza mpime, maana mwisho wa maneno haya hukumu ni yenu.

Chini ya milima ya Upare palikuwa na watu watatu. Mzee Kiure alikuwa fundi simu mstaafu. Waya ambao wengine waliuzika, yeye aliusikia bado unapumua. Namsifu, binti aliyesomea mitambo ya kompyuta, aliweza kuipitisha sauti mahali pasipo waya. Mama Mbonea, mjane wa kule juu mgongoni mwa mlima, hakujua waya wala kompyuta, lakini alichokabidhiwa hakikupata kupotea.

Aliyewakutanisha ni Nakundwa, meneja wa ofisi ya maji mjini. Hofu yake ilikuwa moja. Mvua kubwa ikinyesha mlimani, maji huteremka kwa korongo kavu linalokata mji, na huja jua likiwaka, bila hata wingu la kuonya. Ndani ya korongo hilo ndimo hukaa soko la Alhamisi, na mama yake Nakundwa huuza ndizi humo. Mlinzi wa chanzo cha maji, juu kabisa, huyaona maji mapema. Ila kule simu za mkononi hazishiki, na kushuka ni mwendo wa saa tatu.

Nakundwa alitaka jambo lililoonekana dogo: simu ya kawaida ya mezani ikae chanzoni, mlinzi akiinua mkonga, ya ofisini ilie. Nguzo za kupandisha waya mpaka huko hazikuwepo. Ikabidi sauti isafiri kwa intaneti.

Mzee Kiure ndiye aliyeanza. Mtambo wa simu wa ofisi ulikuwa wa zamani, nyaya zimesongana ukutani kama mizizi, vibandiko vyake vimeliwa na mende. Wafanyakazi walikwishasema ung'olewe. Alikaa sakafuni siku nne, akigusa waya mmoja mmoja na mkonga sikioni, mpaka akaipata laini iliyo hai. Kisha, bila kuombwa, akaiunganisha na kengele kuukuu ya nje. Nakundwa akamwuliza ya nini.

"Simu isiyosikika ni pambo, mwanangu," akasema mzee.

Namsifu akapokea hapo. Aliweka kisanduku kimoja ofisini, cha kuichukua sauti ya laini ile na kuirusha kwa intaneti, na kingine chanzoni, cha kuirudisha iwe sauti ya simu ya kawaida. Siku ya kwanza maneno yalifika vipande vipande. Siku ya tano mlinzi aliisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia. Kwa wiki mbili binti alipanga na kupangua, na mwishowe akaiamuru mitambo kwamba sauti ya chanzoni itangulie mbele ya kila kitu, hata ofisi nzima ikiwa inatazama picha za intaneti.

Lakini ofisi na chanzo havionani. Mgongo wa mlima umekaa katikati, na mlingoti wa kupokezana mawimbi ulipaswa kusimama pale pale, kwa Mama Mbonea. Mbele ya pale palikuwa na mikaratusi miwili iliyoziba njia ya mawimbi, aliyoipanda marehemu mumewe, ya kumjengea mtoto wao nyumba. Nakundwa alipanda mwenyewe kwenda kuomba. Yule mama akauliza kama kweli soko lingeonywa. Kesho yake mikaratusi ilikuwa chini. Tangu siku hiyo kila asubuhi alifuta vumbi kwenye paneli ya jua iliyouendesha mlingoti na kuwafukuza nyani kwa kombeo.

Ikafika Alhamisi moja, saa nane mchana, jua kali. Watu wote wa ofisi walikuwa uani wakila. Kengele ikalia. Nakundwa alikimbia ndani, akainua mkonga, na sauti ya mlinzi ikaja safi kana kwamba ameketi kando yake.

"Yanakuja. Ni mengi. Ondoeni watu."

Alishuka korongoni akiita mpaka koo likakauka. Watu wakapanda ukingoni, mama yake akivutwa mkono huku akizililia ndizi zake. Maji yakafika, mekundu, yamebeba magogo, yakazoa meza zote. Mtu hayakumchukua hata mmoja. Nakundwa aliketi chini pale pale.

Baadaye mengine yakajulikana. Saa ile karani alikuwa ameiacha kompyuta yake ikipakua mechi nzima ya mpira, na intaneti yote imeelemewa, ila sauti ilipita. Na asubuhi ile ile nyani walikuwa wameuchomoa waya wa mlingoti. Mama Mbonea aliurudisha mahali pake.

Wanawake wa sokoni wakaleta mtamba mmoja wa ng'ombe, ambaye hajazaa bado, na mama yake Nakundwa ndiye aliyeshika kamba. Akasema mnyama ni wa yule aliyeifanya simu ilie, na hawakumleta achinjwe, nyama igawanywe. Wamemtoa aishi katika zizi moja. Mlinzi alijitoa mapema, akisema kutazama maji ndiyo kazi yake.

Wale watatu wakaitwa. Mzee Kiure akasema kwamba pasipo laini hai na kengele, sauti ingefika kwenye chumba kitupu. Namsifu akajibu kwa upole kwamba hata ingefungwa kengele mia, na mikaratusi yote ikakatwa, mlima ungebaki bubu bila visanduku vyake. Mama Mbonea naye akaulizwa.

"Ninyi mlitoa ujuzi, na bado mnao," akasema. "Nilichotoa mimi hakipo tena."

"Ujuzi huo umenila miaka arobaini na jicho moja, mama," akasema Mzee Kiure.

Nakundwa akaipokea kamba kwa mama yake. Akamgeukia mmoja, akawaona moyoni watu wa soko wakizolewa na maji lau mwingine angekosekana. Akamgeukia wa pili, yakawa yale yale. Wa tatu, vivyo hivyo. Mama yake akamngoja, na soko zima likamngoja.

Nanyi mmeyasikia yote aliyoyasikia yeye, sikuwaficha neno. Basi semeni: kamba ile mngeiweka mkononi mwa nani? Na wale wawili watakaobaki wakiwatazama, mngewaambia nini?