Mwiko wa Mtu wa Tano

Hapo zamani, na si ile zamani ya sungura kumdanganya fisi, bali zamani ya juzijuzi ambayo bado ina watu wa kuikumbuka, walikuja Wazungu wakimbizi. Msishtuke. Mzungu naye hukimbia moto ukiwaka kwake. Vita vikubwa viliwang'oa kwao Polandi, vikawazungusha dunia, vikawatua Tengeru, chini ya Mlima Meru. Walikuja wanawake, watoto na vikongwe. Wanaume hawakuonekana. Wakajengewa vibanda vya mviringo, vyeupe, paa za nyasi, wakaambiwa kaeni hapa mpaka dunia itulie.

Katika kibanda kimoja walikaa watatu. Bibi Teofila, mkongwe mkavu kama ukuni. Mkwewe Bronya, ambaye mumewe alichukuliwa na askari kule kwenye baridi, asionekane tena. Na binti wa Bronya, Hanka, aliyeng'oka meno ya mbele, ana kikohozi kisichomwacha.

Aliyewapelekea maziwa aliitwa Elishilia, Mmeru wa pale pale jirani. Mumewe Yeremia alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, amepelekwa Bama kupigana na Mjapani. Elishilia anasubiri, Bronya anasubiri. Na mwanamke anayesubiri humtambua mwenzake kwa namna anavyogeuza shingo mlango ukilia.

"Hodi memsabu, maziwa," Elishilia alisema siku ya kwanza.

"Mimi hapana memsabu," Bronya akamjibu. "Memsabu iko na nyumba. Mimi iko na sufuria."

Elishilia akacheka mpaka maziwa yakamwagika, na urafiki ukaanzia hapo.

Ikakaribia Krismasi. Kwa watu wale, utamu wa sikukuu uko jioni ya mkesha. Kutwa nzima hawali. Wanapika vyakula kumi na viwili, na nyama haimo hata chembe. Wanatandaza nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza, maana Mwana wa Mungu alilazwa horini. Kisha mtoto anatumwa nje kutazama juu, na nyota ya kwanza ikitokea ndipo wanakaa. Mezani wanaweka sahani moja ya ziada, sahani ya asiyealikwa. Akibisha mpita njia, awe mfalme awe mwizi, ile ni yake. Kumfukuza ni kumfukuza Mungu.

Hiyo ndiyo mila. Sasa sikilizeni miiko. Wanaokaa mezani wasiwe witiri. Wakiwa watatu, wakiwa watano, basi mmoja wao haioni Krismasi nyingine. Tena asiinuke mtu mpaka wote wamemaliza. Anayeinuka kabla, kifo humfuata kama mbwa amfuatavyo mwenye mfupa. Ni mama wa nyumba peke yake anayeruhusiwa kusimama, kwa kuwa ndiye anayepakua.

"Sisi tatu," Bronya alimwambia Elishilia, akionyesha vidole. "Tatu baya. Wewe kuja, kuwa nne."

Elishilia akaenda kumuaga mama mkwe wake, mamaye Yeremia, akamkuta anamenya ndizi.

"Unaitwa kula, au unaitwa kuhesabiwa?" mama mkwe akauliza.

"Vyote viwili, mama."

"Makubwa! Mafiga ni matatu, na chungu hakijaanguka tangu dunia iumbwe. Hao wenzetu wanaogopa tatu?"

"Kila nyumba na mwiko wake, mama. Wewe si hutaki nifagie jioni?"

"Kufagia jioni ni kufagia baraka! Hilo nani asiyelijua?" Akatupa ganda. "Haya, nenda. Lakini usimalize vyote kumi na viwili, wakasema kwetu kuna njaa."

Jioni ile manyunyu yalikuwa yakija na kwenda. Hanka alikuwa na homa, amezungushiwa blanketi, lakini kazi ya kutazama nyota hakuikubali mtu mwingine. Mawingu yakaachia tundu dogo juu ya mlima.

"Nyota!" akapiga kelele mlangoni. "Nimeiona mimi! Nimeiona mimi!"

Wakakaa wanne. Uyoga wa kwao haukuwepo, wakaweka ndizi. Samaki wao hakuwepo, wakaweka wa ziwa Duluti. Supu nyekundu ya bitiruti ikafuka moshi. Na ile sahani ya tano ikakaa tupu, inang'aa. Elishilia aliona Bronya anavyoitazama. Alimwekea nani sahani ile, kama si mumewe? Na Elishilia, kimoyomoyo, akamweka Yeremia pale pale. Sahani moja, waume wawili.

Hata kijiko cha kwanza hakijafika kinywani, sauti ikaita nje.

"Hodi wenyewe! Namtafuta mke wa Yeremia. Mama yake kanielekeza huku."

Akaingia mwanamume wa koti la Keya, ameloa. Jina lake Sifaeli, aliyeondoka na Yeremia siku moja. Begani alibeba mifuko miwili. Elishilia akaitazama mifuko ile. Mtu mmoja, mifuko miwili.

Bronya ndiye aliyefurahi. Toka wafike Tengeru sahani ile haijapata mtu! "Mgeni! Karibu! Kaa, kaa!" Akamvutia kiti, akampakulia, akaketi tena, akamkabili. Sifaeli, njaa ya safari imemkamata, akaketi.

Midomo ya Bibi Teofila ikaanza kucheza. Kidole chake kikatembea juu ya meza, kichwa kwa kichwa. Akasema neno kwa lugha yao, na Hanka, aliyekishika Kiswahili kuliko wote, akatafsiri.

"Bibi anasema tuko watano, na watano ni mwiko."

Pale pale Hanka akakohoa. Hakuna aliyetaka kumtazama, lakini macho hayana adabu, yote yakamwendea.

"Kama ni mimi nimeharibu hesabu, nitakula nje," Sifaeli akasema. "Nimezoea."

"Hapana!" Bronya akamzuia. "Mgeni kufukuza, baya kupita tano!"

Ndipo Elishilia akainuka. "Mimi si wa mila yenu," akasema. "Mwiko wenu haunijui jina. Mtabaki wanne."

Kabla hajamaliza, Bibi Teofila naye kasimama.

"Anasema yeye Krismasi alizokula zinamtosha," Hanka akatafsiri.

Wawili wamesimama. Mezani wamebaki wangapi? Watatu! Tatu baya.

"Kaa wewe, bibi."

Bibi akatikisa kichwa, akamwonyesha kiti. Kaa wewe.

"Kaa wewe!"

Wakasukumana mabega pale mlangoni kama mbuzi wawili darajani, kila mmoja anataka kifo kiwe chake, mpaka wote wawili wakajikuta nje. Hanka akacheka mpaka pengo likaonekana. Sifaeli haelewi wanachogombania, anaona tu ajuza kasimama na yeye kijana kaketi. Haya ikamshika. "Kwetu mzee hasimami kijana akakaa," akasema, akainuka, akawafuata nje.

Basi nje, chini ya mchirizi wa paa, wakawa watatu. Mezani wakabaki Bronya na mwanawe. Wawili, jozi. Kila mtu akashusha pumzi.

Lakini mtoto ni mtoto. Hanka aliona bibi yake yuko kwenye manyunyu, na mgeni ametoka bila kula. Akaichukua sahani kwa mikono miwili, na kabla mama yake hajanyoosha mkono, mtoto huyo nje, miguu mitupu.

"Mgeni hajala!"

Mezani akabaki Bronya peke yake. Na mmoja naye ni witiri.

Sifaeli akaipokea sahani, akampakata mtoto. "Unajua tembo wa Bama?" akamwuliza. "Wanabeba magogo, wanapanga kama watu." Akaanza hadithi ya tembo. Ikaisha moja, akaleta ya pili. Manyunyu yakaja upande upande. Elishilia amesimama anautazama ule mfuko wa pili, na Sifaeli anajua anatazamwa, na tembo hawaishi. Mpaka Bronya alipokuja kumnyakua mwanawe, ndipo Sifaeli akakosa pa kujificha. Akaushika mfuko ule, akaunyoosha.

"Shemeji," akasema, "Yeremia tulimzika kule kule."

Kilio cha Elishilia kilifika mpaka kwa mama mkwe wake. Mama yule aliacha mlango wazi, akaja mbio gizani bila khanga ya kichwani.

Naye Hanka? Homa ikashuka kifuani. Ikapungua, ikarudi, ikapungua, ikarudi. Masika hayajaisha, wakamzika kwenye makaburi ya watu wao, pale Tengeru, mbali na theluji aliyozaliwa nayo. Bibi aliyetosheka na Krismasi akabaki mzima. Elishilia asiyejulikana jina na mwiko akabaki mzima. Aliyeondoka ni yule ambaye wote walisimama kwa ajili yake.

Mwaka ukazunguka. Bronya akaenda mwenyewe kwa Elishilia, akasimama uani. "Kuja," akasema. Basi. Sifaeli naye akaalikwa. Safari hii mama mkwe hakutania. Alijaza kibuyu maziwa, akampa Elishilia, akageukia moto.

Wakakaa. Bibi Teofila, Bronya, Elishilia, Sifaeli. Wanne. Hesabu ilitimia yenyewe, na hakuna aliyeifurahia.

Mwaka ule padri wao alipata unga mweupe, akawaokea mkate wa mila yao, mwembamba kama jani kavu, waliokuwa hawajauona tangu watoke kwao. Mkate ule huvunjwa kabla ya kula. Na nyumbani kwa Bibi Teofila, tangu kwa mama zake, mwenye kosa ndiye anayeunyoosha, na aliyekosewa ndiye anayeuvunja, akisema, "Nimesamehe." Bila hivyo, kijiko hakiguswi.

Bibi Teofila akauchukua, akaunyoosha. Wa kumtafsiria hayupo. Akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, maneno machache aliyofundishwa na mjukuu.

"Mimi hesabu. Wote kula, wote furaha. Mimi hesabu tano. Mimi ita kifo kwa meza."

"Hapana, bibi!" Elishilia akaushika mkate. "Ulihesabu, ndiyo, lakini ulikuwa umeketi. Wa kwanza kuinuka ni mimi. Mtoto aliona watu wazima wanainuka, naye akainuka. Nilijigamba mwiko wenu haunijui. Kweli haukunijua, ukaenda kwa unayemjua. Na mgeni mwenyewe alinifuata mimi. Nipe, bibi, ninyooshe mimi."

"Niachieni!" Sifaeli akasema, amesimama wima kama yuko gwaride. "Ninyi mnazungumza mwiko. Mimi nazungumza mvua. Yule mtoto nilimpakata, alikuwa anachemka, magoti yangu yalisikia. Nikasema bado kidogo, tembo mmoja tu tena. Kwa nini? Kwa sababu naogopa kumtazama mke wa rafiki yangu. Bama sikukimbia. Pale mlangoni nilijificha nyuma ya mtoto."

Akaushika naye. Wote wakamgeukia Bronya, wakidhani basi, aliyekosewa ni huyu. Huyu ndiye mama, huyu ndiye wa kuvunja.

Bronya hakuvunja. Alikuwa anatazama kiti alichokalia mgeni mwaka uliopita.

"Nani ruhusa kusimama?" akauliza polepole. "Mama ya nyumba. Mimi tu. Mimi simama, nne baki, kwisha maneno. Hapana mtu kufa. Mimi jua. Siku ile, mimi jua." Akapangusa uso kwa kiganja. "Lakini mwanaume kaa kwa sahani ya mume wangu. Koti ya vita, mikono ya vita, iko kula. Mimi taka tazama yeye kula. Kidogo tu. Basi mimi kaa."

Akaunyoosha mkono, naye akaushika mkate.

Haya, wajukuu. Watu wote hukimbia lawama, huisukumia jirani. Hawa wanne waliigombea kama wengine wanavyogombea shamba. Mikono minne imeshika mkate mmoja, kila mmoja anaunyoosha, hakuna wa kuuvunja. Supu inapoa. Na atakayeachiwa ndiye atakayesamehewa, atalala usingizi. Watatu watarudi na mzigo wao vifuani.

Yuko bibi aliyehesabu. Yuko rafiki aliyeinuka kwanza. Yuko askari aliyejificha nyuma ya hadithi. Yuko mama aliyekaa wakati wa kusimama. Msinijibu mbio mbio. Wala msiniambie ni mvua, mvua haina mkono wa kunyoosha mkate.

Je, nani alistahili kuunyoosha? Na ukishamtaja, niambie na hili: katika waliobaki, nani alikuwa na haki ya kuuvunja?