Deni la Mkawasi Yupi

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu bali ya juzi tu, palikuwa na wanawake wawili katika milima ya Taita, na wote wawili waliitwa Mkawasi Mwandoe. Msidhani nimekosea. Baba zao walikuwa ndugu, na kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la nyanya, kisha jina la babu likafuata. Watu waliwatofautisha kwa nyumba zao. Mmoja aliishi kileleni, karibu na msitu, akaitwa Mkawasi wa Juu. Mwenzake aliishi bondeni, karibu na soko, akaitwa Mkawasi wa Chini.

Walizaliwa mwaka mmoja. Walisoma darasa moja. Siku ya kuandikishwa vitambulisho walikwenda pamoja, wakapanga foleni mmoja nyuma ya mwenzake, na nambari zao zikafuatana. Ya wa Juu iliishia na saba, ya wa Chini iliishia na nane. Walicheka sana siku ile, wakasema hata serikali imejua kwamba wao ni pacha.

Mkawasi wa Chini alikuwa akisaga unga. Mashine haikuwa yake. Aliikodi kwa Mzee Righa, na kwa miaka tisa alimpelekea kodi yake kila Jumamosi. Alilea mabinti wawili kwa unga huo. Hakuwahi kukopa, hata sukari dukani hakukopa. Basi mwaka mmoja Mzee Righa akamwita.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimechoka. Nauza mashine. Kuna mtu wa Mwatate ameniahidi laki tatu, lakini wewe ndiye ninayekujua. Ukileta laki tatu, ni yako. Nakupa mpaka Jumamosi hii."

Mkawasi wa Chini alikuwa amejiwekea laki moja na elfu themanini. Akaenda kwenye chama chake cha akiba kuomba zilizobaki. Mhudumu, Bi Wawuda, alimjua tangu utotoni, akampokea vizuri. Akabonyeza kompyuta yake. Akatazama. Akabonyeza tena.

"Dada Mkawasi," alisema, "mbona hukuniambia una deni?"

"Deni gani?"

"Umeandikwa miongoni mwa wadaiwa sugu. Kuna kampuni ya mikopo kule Voi, ulichukua laki moja na nusu. Sasa na riba imekuwa zaidi ya laki mbili. Miaka miwili hujamaliza."

Mkawasi wa Chini alimwomba airudie. Bi Wawuda akairudia. Mkawasi akakaa chini pale pale sakafuni, mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu yao. Mtu ambaye hajakopa hata sukari. Na watu wote wakasikia.

"Siwezi kukupa shilingi moja mpaka jina lako lisafishwe," Bi Wawuda alisema. "Nenda Voi kawaulize."

Kesho yake alishuka Voi. Katika ile kampuni ya mikopo alimkuta kijana mmoja msafi wa mavazi, mfanyakazi wa kudai madeni. Mkawasi akaeleza: sijakopa, sijawahi kufika hapa, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona mlango huu. Kijana akafungua faili, akamgeuzia kompyuta.

"Huyu si wewe?"

Mkawasi akatazama picha. Hakuwa yeye. Ulikuwa uso anaoujua kuliko uso wake mwenyewe, kwa maana uso wako mwenyewe huuoni kila siku. Alikuwa Mkawasi wa Juu, amevaa kitambaa cha kichwa ambacho yeye mwenyewe alimpa.

"Huyu ni binti wa baba yangu mkubwa," alisema polepole. "Tunaitwa jina moja. Tazama nambari. Yake inaishia na saba. Ninyi mmeandika nane."

"Mama, mmefanana. Picha peke yake hainitoshi. Na tena," kijana akateremsha ukurasa, "deni hili linalipwa. Elfu tisa kila mwezi, miezi kumi na mitatu sasa. Anayelipa anaitwa Mghanga Mwandoe. Huyo unamjua?"

Mkawasi wa Chini akashika meza. Mghanga alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

"Basi niambie wewe," kijana alisema. "Deni si lako, na kaka yako analilipa kwa ajili gani? Kwetu hapa, mtu akilipiwa na nduguye tunajua deni amelikubali."

Sikilizeni sasa habari za huyu Mghanga. Alikuwa mponda kokoto machimboni, mtu wa maneno machache. Mkawasi alimkuta pale pale kwenye rundo la mawe, nyundo mkononi, vumbi hadi kwenye kope. Akamuuliza: ni kweli unalipa? Mghanga hakukana.

"Walinipigia simu," alisema. "Wakasema dada yako Mkawasi ameshindwa kulipa, na wewe ndiye uliyeandikwa kuwa ndugu wa karibu. Niliwauliza, Mkawasi yupi? Wakanisomea nambari ya kitambulisho. Nikaenda kwa mama, nikatoa nakala yako kwenye sanduku, nikalinganisha. Ilikuwa yako, dada. Nambari zote, mpaka ile nane ya mwisho."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza vipi? Nilijua wewe si mtu wa kukopa. Nikasema, kama amekopa na akanificha, basi shida yake ilikuwa kubwa, nikimuuliza nitamvua nguo. Nikaona heri nilipe, siku moja liishe, usijue kwamba nilijua."

"Na mahari yako? Ulisema umeshindwa kuitoa kwa kuwa mazao yalikataa."

Mghanga alitazama nyundo yake. Alikuwa amechumbia msichana wa Mgange, na kwa mwaka mzima aliwaambia wakwe wangoje. Hawakungoja. Msichana aliolewa Mombasa mwezi wa nne.

"Mazao hayakukataa," alisema.

Mkawasi wa Chini alilia pale kwenye mawe. Alilia kwa sababu kaka yake alimpenda hivyo, na alilia kwa sababu kila shilingi aliyoilipa ilikuwa imemfunga kamba nyingine kwenye deni lisilo lake.

Kisha wakapanda kileleni, wote wawili.

Mkawasi wa Juu alikuwa akimwagilia nyanya. Alipowaona wameongozana alizima pampu. Hakuuliza wamefuata nini. Alisema tu, "Karibuni ndani."

"Tutasimama," Mkawasi wa Chini alisema. "Nimetoka Voi. Nimeiona picha yako."

Mkawasi wa Juu alikalia ndoo.

"Nilikopa kwa ajili ya shamba, nikamwandika Mghanga kuwa ndugu wa karibu," alisema. "Nilinunua pampu na mabomba. Mwaka ule mvua ya mawe ikapiga nyanya zote, mkaona wenyewe. Nilishindwa kulipa. Walinipigia simu kila siku, halafu siku moja wakaacha. Nikashangaa. Nikaenda Voi kuuliza, nikatoa kitambulisho changu. Msichana wa pale akatazama, akaniambia, mama, wewe huna deni hapa."

"Ukafikiri limefutwa?" Mghanga aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua. Lakini alisema:

"Hapana. Kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimejua. Nambari inayofuata yangu ni ya nani? Nilijua limekwenda kwa nani."

"Lini?" Mkawasi wa Chini aliuliza.

"Miezi kumi na minne iliyopita."

Miezi kumi na minne. Krismasi walikula pamoja. Binti mkubwa wa wa Chini alipougua walikesha pamoja. Kila wiki wa Juu aliteremka na mahindi yake, akasagiwa bila kulipa, wakaketi wakazungumza mpaka jua likageuka. Miezi kumi na minne, na alijua.



"Nilijiambia wewe hukopi," wa Juu alisema. "Nilijiambia mtu asiyekopa hatalijua kamwe, halitamuumiza. Nilijiambia nitavuna, nitakwenda kulimaliza kimya kimya. Kila msimu nilijiambia hivyo. Sikujua kwamba Mghanga analipa. Wallahi hilo sikulijua."

"Mtu wa Mwatate atachukua mashine Jumamosi," Mkawasi wa Chini alisema.

Mkawasi wa Juu akainuka, akaingia ndani, akatoka na kitambulisho chake.

Asubuhi yake wote watatu walikuwa Voi. Mkawasi wa Juu alikwenda kwa wakili, akaapa kwa maandishi: deni ni langu, picha ni yangu, sahihi ni yangu, dada yangu hahusiki. Wakili alimwonya. "Mama, ukiweka sahihi hapa, deni lote linarudi kwako na riba yake. Na kama uliweka rehani, watakuja kuichukua. Hakuna anayekulazimisha." Alikuwa ameweka rehani pampu na ng'ombe wawili. Akaweka sahihi.

Kwenye kampuni ya mikopo, meneja mwenyewe alitoka. Alisoma kiapo, akalinganisha vitambulisho viwili, akamwita yule kijana msafi wa mavazi, akamwonyesha ile nane kwa kidole. Meneja akaomba radhi. Akaandika barua ya kumwondoa Mkawasi wa Chini kwenye orodha, akasema itachukua mwezi mmoja mpaka ofisi zote zione kwamba jina lake ni safi.

"Mwezi mmoja," Mkawasi wa Chini alisema. "Leo ni Alhamisi."

"Siwezi kuharakisha, mama. Lakini kuna jambo jingine." Meneja akavuta karatasi. "Hizi laki moja na elfu kumi na saba za Bwana Mghanga zililipwa kwa makosa yetu. Naweza kuzitoa leo, au naweza kuziacha ziendelee kupunguza deni, na rehani isichukuliwe Jumatatu. Nataka karatasi moja, jina moja, na sahihi zenu nyote watatu. Mkigawanya, inabidi niandike kwa makao makuu, na hiyo ni miezi. Kubalianeni."

Akawaachia kalamu, akatoka.

Kwanza alisema Mghanga. "Pesa ni jasho langu. Kila shilingi hapo ni jiwe nililoliponda. Nilimpoteza mwanamke kwa ajili yake, na sikufanya kosa lolote. Niliuliza, nililinganisha nambari, nikalipa kama ndugu. Nikizipata ninaweza kuanza tena. Nina miaka thelathini na saba. Nani ataniambia pesa zangu si zangu?"

Kisha alisema Mkawasi wa Chini. "Kaka, ulizitoa kwa ajili yangu. Ulipozitoa ulisema ni za kumwokoa Mkawasi, dada yako. Basi bado sijaokoka. Jina langu lilichafuliwa mbele ya watu, miaka miwili, kwa jambo nisilolijua. Nikiziweka juu ya zangu nimebakiza elfu tatu tu kununua mashine, na hizo Mzee Righa atanikopesha. Nisipozipata, Jumamosi nimekosa kazi ya miaka tisa. Mimi peke yangu hapa sikunyamaza, maana sikuwa na la kunyamazia."

Mkawasi wa Juu alisema mwisho, na hakuwatazama.

"Mimi sina haki ya kusema, lakini mmeniuliza. Pesa zile zililipa deni langu. Zikiachwa pale zilipo, rehani yangu inabaki kwangu. Zikitolewa, Jumatatu wanakuja kuchukua pampu na ng'ombe, na watoto wangu wanne hawana kitu kingine. Nilikosa kwa kunyamaza. Lakini jana ningeweza kuendelea kunyamaza, na leo hii meneja asingekuwa na pesa yoyote ya kumrudishia mtu. Zimepatikana kwa ulimi wangu."

Hakuna aliyempigia mwenzake kelele. Mghanga alishika kalamu, akaiweka. Mkawasi wa Chini akaishika, akaandika "Mkawasi Mwandoe", kisha akagundua kwamba jina hilo ni la wote wawili, akalikata. Akampa mwenzake karatasi mpya. Nje meneja alikuwa akiwafungia wateja mlango, kwa kuwa saa za kazi zilikuwa zimekwisha.

Wapo wanaosema Mghanga, wala hawataki kusikia lingine. Wapo wanaosema Mkawasi wa Chini, kwa kuwa anayeumia ndiye apewe kwanza. Na wapo, wachache, wasiotaka watoto wanne walale njaa kwa kosa la mama yao, mama aliyejisema mwenyewe.

Nanyi mliosikia yote, mkikalishwa kwenye meza ile na kalamu mkononi: je, kati ya hao watatu, ni nani aliyestahili jina lake liandikwe?