Upatu wa Akili

Sogeeni. Hadithi hii haina mfalme wala sungura, na bado haijatokea. Ni ya siku zile ambazo mashine ya kuhamisha akili itakuwepo mitaani kama mashine ya kusaga, na wanawake wanne wataamua kuchezea upatu akili zao: wote watoe, na kwa mwezi mzima kitita kikae kichwani mwa mwenye zamu.

Hidaya, kijumbe wao aliyeendesha upatu, alikuwa na hesabu. Aliuza vitenge na hakuna aliyewahi kumpunja. Mwajabu alikuwa na kumbukumbu. Aliyetaka kujua ukoo wake alimuuliza yeye. Shani alikuwa na ulimi wa kusuluhisha wanandoa waliokwishafungasha virago. Siwema hakuwa na lolote ila mwanawe Faki, ambaye kifafa chake kiliwashinda madaktari. Wenzake walimwonea huruma, wakampa zamu ya kwanza.

Hidaya akakaa kwenye kiti cha mashine, akatoa hesabu. "Mwezi tu, shoga," alisema.

Mwajabu akakaa, akatoa kumbukumbu. "Mtoto apone kwanza, mengine baadaye."

Shani akakaa, akatoa maneno. Alipoinuka hakuweza kusema kitu.

Siwema akasoma vitabu vya madaktari kama anayesoma bei za nyanya, akagundua dawa. Ila ilibidi aichanganye upya kila asubuhi kwa kupima damu ya Faki. Alijaribu kuwafundisha madaktari, hawakumwelewa. Kifafa kikakoma. Faki akacheza mpira na wenzake, na Siwema akalia kwa furaha.

Mwezi ukaisha, wakakutana. Hidaya alikuwa ameuza duka zima kwa bei ya viberiti, na wanunuzi walikuwa majirani zake. Shani alisingiziwa wizi na wifi yake, hakuweza kujitetea, akaachwa. Mwajabu alimweka mwanawe mchanga kwenye beseni la maji, akamsahau, akaenda sokoni. Walimzika mtoto siku hiyohiyo. Tangu hapo kila asubuhi anabisha mlango kwa mlango akimuulizia, na majirani humwambia yuko kwa bibi yake.

"Zamu hii ni ya..." Hidaya alikwama. "Siwema, amua wewe. Si ndiwe mwenye akili?"

Zamu ilikuwa ya Mwajabu. Angepewa kitita chote, akakumbuka kifo cha mwanawe kwa akili ya watu wanne.

Shani aligonga meza, akaonyesha mdomo wake. Alitaka upatu uvunjwe, kila mtu arudishiwe chake.

"Mimi sina haraka," alisema Mwajabu, akitabasamu. "Nikamchukue mwanangu kwanza."

Siwema aliogopa. Akirudisha kitita, Faki ataanguka kesho. Akibaki nacho, amewaibia waliomponya mwanawe. Aliyajua yote mpaka mwisho wake, na hakuna aliyebaki na akili ya kumpinga.

Haya, ninyi mlionisikiliza akili zenu zikiwa kamili. Siwema abaki nacho, ampe Mwajabu, au kila mmoja arudishiwe chake? Mngeamua vipi? Aanze kujibu mwenye mtoto.