Feni ya Gari la Mzee Mwakio

Feni hujulikana mlimani.

Mmemsikia shangazi yenu akimwambia bwana harusi maneno hayo leo, mkacheka, kisha mkaniuliza feni na ndoa vinahusiana vipi. Ketini, wanangu. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Mwatate aliishi Mzee Mwakio, dereva mstaafu, pamoja na mkewe, Mghoi. Walikuwa na gari jeupe la zamani, lenye kiti cha mbele kirefu kama benchi. Ndilo lililomleta Mghoi siku ya harusi yake, na Mwakio alilipangusa kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Mwaka mmoja habari zilishuka kutoka Wundanyi, juu mlimani. Macho ya mama yake Mghoi yalikuwa yakififia, na daktari alikuwa amesema hayatapona. Ajuza yule alituma neno moja tu: "Mwambieni Mghoi aje nimwone uso kabla giza halijanifikia."

Mghoi alikuwa na goti lisilokunjika, hata asiweze kukaa katika magari ya abiria. Ni kiti kile kirefu tu kilichomruhusu kuunyosha mguu. Lakini mara mbili walijaribu kupanda, na mara mbili gari lilichemka kwenye kona ya pili, wakarudi.

Mwakio hakukubali kwamba gari lina kasoro. Kila asubuhi alifungua boneti akaizungusha feni kwa kidole.

"Tazama! Inazunguka kama pia. Gari ni zima."

"Ni zima kwa njia ya Voi," alijibu Mghoi. "Likiuona mlima linajifanya mgonjwa."

Safari ya tatu, mvuke ulifoka pale pale kwenye kona ya pili. Walimtuma mwendesha baiskeli aliyekuwa akiteremka amwite fundi, wakabaki juani. Mwakio aliona haya. Akavua kofia, akaanza kumpepea mkewe. Mkono wa kulia ulipochoka, alihamishia wa kushoto. Hakuacha mpaka Fundi Ngeti alipofika kwa pikipiki.

Injini ilikuwa ingali na moto. Ngeti aliisukuma feni kidogo, nayo ikazunguka mizunguko mingi.

"Mzee, hii huwa unaijaribu wakati gani?"

"Asubuhi."

"Injini ikiwa baridi?"

"Sasa nitie vidole motoni?"

"Ndipo ulipokosea, mzee wangu. Injini ikiwa baridi, kila feni huzunguka kwa wepesi. Klachi hii iliyo katikati huishika feni moto unapozidi, na hapo ukiigusa sharti iwe nzito. Yako imekufa, na panga moja lina ufa. Njia ya Voi ni tambarare, unakimbia, upepo wa mwendo unaipoza rejeta na maji yake. Huku unapanda polepole. Upepo huo utautoa wapi?"

Mwakio aliinamisha kichwa. "Mghoi, ubishi wangu umekunyima uso wa mama yako."

Mghoi aliushika ule mkono wenye kofia, uliochoka kwa kumpepea.

"Feni ya gari nimeijua leo," alisema, "na hii nyingine pia. Feni hujulikana mlimani, mzee wangu."

"Na hiyo ya kofia haihitaji klachi mpya," alisema Ngeti, wote wakacheka.

Kesho yake Mwakio alipanda basi kwenda Mombasa. Alirudi na feni na klachi mapajani, amezifunga katika koti lake kama mtoto mchanga. Ngeti alifungua zile kuukuu, akafunga mpya. Safari hii Mwakio hakungoja asubuhi. Aliiwasha injini hadi ikapata moto, akaizima, kisha akaijaribu feni kwa mkono. Ilikuwa nzito. Alinawa, akaenda kumwita mkewe.

Walipita kona ya pili, wakapita ya tatu, wala hawakusimama.

Ajuza alikuwa ameketi mlangoni. Aliushika uso wa Mghoi kwa viganja viwili, akausogeza karibu na macho yake, akautazama kwa muda mrefu.

"Umezeeka, mwanangu."

"Nawe pia, mama."

Wakacheka huku wakilia. Mwakio alisimama kando, kofia mkononi.

Kwa hiyo shangazi yenu hakuwa akifanya mzaha, wanangu. Kwenye tambarare upepo huja wenyewe, na kila feni huonekana nzima. Feni hujulikana mlimani.