Kadi Moja ya Kuvuka Sanzale

"Ulimi! Huo ulimi wako ungesema nini siku ile, kama si samaki wangu?" Siwema aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Mama Tunu, sijasema samaki hawakuwa watamu," alijibu Ruhinda. "Nasema wageni hawakutia sahihi kwa sababu ya mchuzi."

"Wangetia wapi, juu ya usukani? Magari yalikuwa yameshawashwa, wewe!"

"Sawa, uliwakalisha. Lakini wangekaa wakitukanana mpaka leo."

Karibu na mlango wa jiko, Mzee Kasheka alikuwa ameketi na fimbo yake katikati ya magoti. Mezani, kando ya bakuli la chumvi, kulikuwa na barua: kadi ya kuvuka itatolewa kwa mmoja wenu, jina litajwe leo kabla lango halijafungwa.

Ninyi mnaosikiliza, msiwacheke bado. Waacheni wagombane kidogo, muelezwe wanachogombea, kisha hukumu iwe yenu.

Kisanga ilikuwa nchi ndogo iliyokaa miaka arobaini ndani ya Jumuiya ya Nchi Sita. Kukawa na watu waliosema Jumuiya inawalea, na wengine waliosema inawabana, sheria zinatungwa mbali na watu wasiojua hata njia ya kufika Kisanga. Kura zikapigwa, waliotaka kutoka wakazidi. Kuingia kulikuwa na ngoma. Kutoka kukawa na mawakili.

Mji wa Sanzale uko mpakani kabisa, ila kwa miaka arobaini hakuna aliyeuona huo mpaka. Mtu alilala Kisanga, akateka maji ng'ambo. Aliolewa upande huu, akazikwa upande ule. Sasa uzio ulikuwa unakuja.

Mazungumzo yalifanyika Sanzale, katika ukumbi wa chama cha ushirika. Kisanga iliongozwa na Bwana Mashenene, na Jumuiya ikaongozwa na Bibi Nalwanga. Waligawana reli, wakagawana umeme, wakagawana hata matarumbeta ya bendi. Wakakwama kwenye Sanzale yenyewe. Wakiachana bila mapatano, uzio ungepita ubavuni mwa soko, likabaki la upande mmoja, na hakuna ambaye angevuka tena.

Ndipo walipoingia watu wetu watatu. Siwema, mpishi wa ukumbi, alijaliwa jicho la kumjua mwenye njaa kabla mwenyewe hajajijua. Ruhinda, mkalimani, alijaliwa masikio yaliyosikia lugha mbili kama vile ni moja. Na Mzee Kasheka alikuwa mpima ardhi aliyejaliwa macho ya kunyoosha mstari kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyeyaweka mawe ya mpaka enzi za ujana wake, akapewa nishani, na watu wakamwita Mzee Kamba.

Siku ya thelathini na nane, Bibi Nalwanga alifunga mafaili yake akasema imetosha. Madereva wakawasha magari. Msaidizi wa Bwana Mashenene alikuja jikoni mbio.

"Mama, usipakue. Wanaondoka."

"Wanaondoka na njaa?" Siwema aliuliza. "Kwangu?"

Sanzale wana desturi yao: waliokula sinia moja hawanyanyuki mpaka wa mwisho anawe mikono. Anayenyanyuka kabla ya hapo amewatakia wenzake msiba. Siwema aliijua desturi hiyo, na alijua kuwa wajumbe wote, wa huku na wa kule, wamelelewa na mama zao kuheshimu desturi ya mwenyeji. Lakini jikoni hakukuwa na kitu cha kumweka mtu saa nzima. Alichokuwa nacho kilikuwa nyumbani kwake, nyuma ya ukumbi, juu ya jiko lake: ningu waliokaushwa kwa moshi, samaki wadogo wenye miba kama sindano. Alikuwa amewaweka kwa ajili ya supu ya uzazi ya binti yake Tunu, aliyeolewa ng'ambo na mwenye mimba ya miezi minane. Alisimama akiwatazama. Kisha akawabeba wote, akawatia kwenye mchuzi uliokuwa ukichemka ukumbini, wageni wakiwa bado wanapakia mizigo.

Akaweka sinia moja kubwa katikati ya ukumbi. Bibi Nalwanga aliangalia saa, akaangalia sinia, akavua viatu. Nani anaweza kula ningu haraka? Walichambua miba mmoja mmoja, kimya, kama watoto wa darasa la kwanza wanaojifunza kuandika. Mwanasheria wa Jumuiya alikuwa na jino bovu, basi yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kunawa. Jua lilikuwa limeshageuka. Madereva walikuwa wamezima magari zamani.

Walikaa, ndiyo. Lakini kukaa si kupatana.

Bwana Mashenene alijua lugha ya Jumuiya vizuri kuliko wengi, ila tangu siku ya kura aliapa kwamba hataisema wala hataonekana anaielewa. Kila neno lilipita kwa Ruhinda. Alasiri ile alisimama, kidole mbele, akasema kwa Kikisanga:

"Mwambie huyo mama, Jumuiya yake ni mume anayempiga mkewe, kisha anashangaa mke anafunga virago!"

Kiapo cha mkalimani ni kimoja: usipunguze, usiongeze. Ruhinda alikuwa amekishika miaka kumi na moja. Akamgeukia Bibi Nalwanga, akatafsiri taratibu:

"Anasema, ndoa ikivunjika, watoto hawana kosa."

Bwana Mashenene alielewa kila neno. Uso ukamvimba. Lakini angelalamika vipi, yeye asiyeielewa lugha hiyo? Bibi Nalwanga aliweka kalamu chini.

"Mwambie," alisema polepole, "siku thelathini na nane nimengoja mtu wa kusema hivyo. Mwambie na mimi ni mama."

Bwana Mashenene akaketi. Jioni alimvua Ruhinda beji kwa mkono wake mwenyewe. "Leo umetia sukari," alimwambia. "Kesho utatia sumu, na sitaweza kukulalamikia." Ruhinda hakupata kazi ya ukalimani tena.

Wakakubaliana, basi, kwamba soko libaki la wote. Lakini mawakili wa pande zote mbili walitandaza ramani wakatikisa vichwa. Sheria ilisema uzio ufuate mstari, na mstari kwenye ramani ulipita ubavuni mwa soko ukiwa mnyoofu kama uzi wa fundi. Walimwita Mzee Kasheka athibitishe tu.

Mzee alivaa nishani yake siku hiyo. Aliufuata mstari wa ramani kwa kidole, akakisimamisha ubavuni mwa soko.

"Jiwe la kumi na saba," alisema, "haliko hapo."

"Liko wapi, mzee?"

"Hatua mia mbili upande wa machweo. Mstari uliangukia kwenye kibanda cha mwanamke aliyejifungua usiku wa jana yake. Watu wa hapo wakaniambia mzazi hahamishwi mpaka siku arobaini zipite. Kambi yangu isingeweza kungoja siku arobaini. Nikazunguka." Alikohoa. "Kwenye karatasi nilichora mstari mnyoofu, kwa sababu niliona aibu."

Wakaenda kupima. Ilikuwa kweli. Kati ya mstari wa karatasi na mstari wa mawe kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho karatasi ilikipa upande mmoja na mawe yakakipa upande mwingine, basi hakikuwa cha nchi yoyote, na soko lote lilikuwa juu yake, pamoja na zahanati. Wakakiacha hivyo hivyo, na lango kila upande. Mtu wa upande wowote aliweza kuingia sokoni, ila si kupita kwenda ng'ambo. Mkataba ukatiwa sahihi siku ya arobaini. Mzee Kasheka alifungua pini ya nishani akaiweka juu ya meza, na watoto wa Sanzale wakaanza kumwita Mzee Kona.

Wajumbe walitaka kuwashukuru hao watatu. Kadi ya kuvuka, ya maisha yote, siku yoyote, saa yoyote. Lakini mawakili waligoma kutoa tatu. "Kadi moja ni shukrani," walisema. "Kadi tatu ni sheria mpya, na itabidi tuanze upya." Kila upande ulimwogopa mwenzake, wakaishia kwenye moja, na mwenye kadi atajwe na hao watatu wenyewe.

Basi turudi jikoni.

"Una haraka gani na hiyo kadi?" Siwema alimuuliza Ruhinda. "Kijana mzima, huna mke huko."

"Nina mama huko. Haoni, Mama Tunu. Anapapasa ukuta kwenda kisimani. Jirani ananiambia juzi alikalia moto."

Siwema aliacha kukoroga.

"Hukuwahi kuniambia."

"Ulikuwa unanipigia kelele."

Siwema alikaa kwenye kigoda. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Mimba ya kwanza ya Tunu iliharibika. Aliniita siku mbili, na mimi nilikuwa hapa, nawapikia watu wa semina. Nilimwambia hii ya sasa nitakuwepo. Nilimwapia." Alijifuta kwa upande wa kanga. "Sasa nikuachie wewe kwa sababu nimekuonea huruma? Siwezi, mwanangu. Nakuonea huruma, na siwezi."

"Sijakuambia uniachie."

"Na wewe, Babu?" Siwema alimgeukia mzee. "Mbona umekaa kama mgeni? Sema na wewe."

Mzee Kasheka aligeuza fimbo yake mkononi. "Mke wangu, kaburi lake liko kule, nyuma ya kanisa. Kila Ijumaa namsimulia mambo ya wiki. Nilitaka niwaambie chukueni ninyi, maana yeye haendi popote, anaweza kungoja." Akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Ila mimi ndiye siwezi."

Siwema alipakua uji katika vikombe vitatu, akampa mzee kwanza, kisha Ruhinda, akakiinamia cha kwake bila kunywa. Alikuwa anahesabu wiki za Tunu.

Haya, ninyi mlioketi. Bila ningu wa Siwema, wageni wangekuwa njiani. Bila kiapo alichokivunja Ruhinda, wangekaa kwa hasira. Bila aibu ya Mzee Kasheka, wangepatana wasiwe na mahali pa kupatania. Mmoja alitoa supu ya bintiye, mmoja kazi yake, mmoja jina lake. Mmoja anasubiriwa na anayezaliwa, mmoja na anayezeeka, mmoja na aliyekwisha kwenda. Msiniambie waikate vipande. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, wewe, ungeandika jina la nani?

Amueni upesi, maana kulibishwa hodi. Karani wa lango, binti wa miaka ishirini hivi, alisimama mlangoni na kadi tupu kiganjani, akawatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Shikamooni," alisema. "Samahani, wazazi wangu, wanafunga lango. Niandike nani?"